Hamira ya Rafu ya Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na paa la jikoni la maabara nalo limeanza. Nimeweka ndoo mbili. Moja ya maji ya paa, nyingine ya uji wa nzi. Nimejiapiza kutozichanganya, ingawa sidhani nzi wangelalamika kuliko wanafunzi wanavyoilalamikia chai yangu.

Daftari hili nimeliokota kwenye pipa. Mwanafunzi fulani aliandika kurasa mbili akachoka. Mimi nina miaka kumi na mmoja hapa na sina wa kumfokea, basi nitaandika mpaka mvua iishe.

Kazi yangu ni kupika chakula cha nzi wa matunda, wale wadogo wenye macho mekundu wanaozengea ndizi zilizoiva kupita kiasi. Watu wengine huwafukuza, sisi tunawalea. Unga wa mahindi, sukari, agari ya kugandisha. Nachemsha, namimina kwenye chupa, na kikipoa naweka juu yake kijiko kidogo cha hamira iliyokorogwa. Nguvu yote imo kwenye hamira. Kilichobaki ni cha kujaza tumbo. Chupa zinakaa kwenye rafu mbili.

Bosi wangu ni Daktari. Daktari ni mdogo wangu, tumbo moja. Hapa kazini hilo halisemwi.

Jumanne, 4 Machi

Hamira: rafu zote mbili. Mvua.

Jumatano, 5 Machi

Hamira: rafu zote mbili. Bwana Stoo amenipa agari ya mwaka juzi, kwa uso wa mtu anayetoa figo.

Ijumaa, 7 Machi

Wageni wanne wenye tai. Daktari kawatembeza: hii hadubini, hili jokofu, hawa nzi. Walipofika jikoni akaninyooshea kidole bila kunitazama. "Na huyu ni mama anayetusaidia na chupa."

Mama! Nimemzidi miaka saba. Huyo "mama wa chupa" ndiye aliyembeba mgongoni akiwa na surua, akamfundisha kuhesabu kwa mbegu za machungwa. Nilitabasamu. Mgeni mmoja akaniuliza kama nzi wanauma. Nikamwambia hapana, wanaouma hapa ni wengine. Alicheka. Daktari hakucheka.

Hamira: rafu zote mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Ukungu umeingia. Chupa sita za rafu ya dirishani zimeota manyoya ya kijivu kama panya aliyelowa. Daktari alisimama mlangoni na kalamu mdomoni.

"Dada," akasema. Huniita dada pakiwa hapana mtu. "Hii hamira ndiyo inayoleta ukungu. Simamisha."

"Nisimamishe kwa wapi?"

"Kwa wote. Mpaka mvua ikate."

"Watakula nini?"

"Si uji upo? Nzi hawafi kwa kukosa kitoweo, dada."

"Huandiki popote?"

"Nimekwambia wewe. Inatosha."

Akaenda zake. Nikazitazama rafu zangu. Ya dirishani anaiona akiwa kwenye kiti chake, kupitia kioo. Ile nyingine iko nyuma ya mlango, na mlango wetu huwa wazi kutwa, kwa hiyo unaifunika yote. Hakuna anayeiangalia ila mimi.

Basi nimetii nusu. Wa dirishani nimewanyima. Wa nyuma ya mlango nimewapa, na kijiko nimekijaza kwa hasira. Kama mimi ni mama, basi na nilishe.

Jumanne, 11 Machi

Hamira: mlangoni tu.

Jumatano, 12 Machi

Hamira: mlangoni tu. Ndoo ya tatu.

Alhamisi, 13 Machi

Miwani ameniita nitazame ovari. Miwani ni mwanafunzi wa Daktari, yuko mwaka wake wa mwisho. Ana miwani minene kama vitako vya chupa, na ndiye pekee anayerudisha chupa zikiwa zimesuuzwa. Kwa hilo tu ningempa shahada.

Kampasua nzi jike kwa sindano mbili, tumbo likatoa mayai yaliyopangana kama shanga kwenye uzi: machanga mbele, makubwa nyuma. Mimi hadubini nilijifunza kwa kuzifuta vumbi, kwa hiyo najua kurekebisha mwanga. Kila ushanga ulikuwa na vyumba ndani.

"Zinaanza seli kumi na sita, dada. Zote ndugu, zimetoka kwenye seli moja. Moja inakuwa yai. Kumi na tano zinakuwa walezi."

"Walezi wanafanya nini?"

"Kila kitu. Jeni zao zinachapa kazi bila kupumzika. Zinatengeneza chakula, zinatengeneza maagizo, vyote wanalisukumia yai. Yai lenyewe jeni zake zimelala karibu muda wote."

"Halafu?"

"Halafu walezi wanalimwagia kila walichobaki nacho, wanakufa."

Nilicheka mpaka akadhani nimepaliwa. Mimi shule niliacha nina miaka kumi na mitatu, maana nyumbani palikuwa na nafasi ya mmoja, na aliyechaguliwa hakuwa mimi.

"Na yai linajua?" nikamuuliza.

"Linajua nini?"

"Kwamba limepikiwa."

"Dada, ni seli hiyo."

"Najua ni seli. Nimeuliza tu."

Hamira: mlangoni tu.

Ijumaa, 14 Machi

Mlangoni tu.

Jumatatu, 17 Machi

Mlangoni tu. Kiatu cha kushoto kinaingiza maji, cha kulia kinaona wivu.

Jumatatu, 24 Machi

Leo Daktari kapiga kelele za furaha hadi nikadhani moto. Kamkumbatia kila mtu, hata Bwana Stoo, ambaye alibaki ameshika funguo zake kwa mikono miwili kana kwamba anaibiwa.

Miwani kanieleza. Nzi wa nyuma ya mlango ni wazima. Wa dirishani wameondolewa jeni moja tangu vizazi vya nyuma. Sasa, iko jeni nyingine, ya kulijaza yai kiini, na wataalamu wameifunga alama: ikifanya kazi, ukitia dawa, inatoa rangi ya buluu. Wa mlangoni wametoa buluu safi. Wa dirishani hawana hata doa, na mayai yao yakifika hatua ya nane yananyauka. Kwa hiyo ile jeni iliyoondolewa ndiyo swichi. Bila swichi, taa haiwaki, yai linakufa.

"Tumeipata swichi!" anasema Daktari, anazunguka na kiti chake.

Nami nilifurahi, Mungu anisamehe. Nimemwambia Mama nikiwa bado sijavua viatu. Mama akafumba macho. "Mwanangu kapata swichi," akasema, kana kwamba kaleta umeme wa mtaa mzima.

Hamira: mlangoni tu.

Jumatano, 2 Aprili

Daktari amemtaka Miwani arudie jaribio lote peke yake, ili makala iende na ushahidi wa watu wawili. Miwani karudia. Kwa Miwani, nzi wa dirishani wametoa buluu kama kawaida.

Daktari alimfokea mbele ya watu wote. "Umechanganya chupa! Mtu wa mwaka wa mwisho hajui dirisha na mlango!"

Nilimshuku na mimi, nakiri. Macho yale. Nikamwandikia namba za chupa kwa wino mzito.

Mlangoni tu.

Jumatano, 9 Aprili

Kwa mara ya tatu, buluu. Daktari hakufoka leo, kaandika barua. Kwenye kikao cha Ijumaa tarehe 9 Mei, Miwani asipokuwa ameupata mnyauko, anaondolewa maabara na miaka yake mitatu inakuwa ya kujifurahisha. Makala lakini imeshatumwa, bila ushahidi wa pili.

Mvua siku ya sita mfululizo. Mlangoni tu.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono ukatae.

Nimemkuta Miwani jikoni, kakaa kwenye gunia la unga, analia kimyakimya. Nikampa chai. Nikamwambia anieleze anafanyaje, hatua kwa hatua, kama ananifundisha kupika.

"Nafuata kitabu, dada. Naokota majike waliototolewa asubuhi. Nawahamishia chupa mpya kwenye meza yangu. Nawapa hamira siku tatu, halafu nawa..."

"Unawapa nini?"

"Hamira. Nachota kwenye bakuli lako. Samahani, sikuwahi kuomba."

Mwiko ulinitoka mkononi.

"Na Daktari? Yeye wake anawatoa wapi?"

"Moja kwa moja rafuni. Si tayari wamelishwa?"

Nikamuuliza swali la mwisho, na jibu nililijua kabla hajafungua mdomo. Nzi jike akikosa hamira, mayai yake yanakuwaje?

"Aa, anayasimamisha. Mama mwenye njaa halei mayai. Yanafika hatua ya nane, yananyau..."

Alivua miwani. Sikuwahi kuona macho yake. Ni makubwa.

Nyumbani nimefunua kurasa za nyuma. Ziko pale, kwa mwandiko wangu. *Basi nimetii nusu.* Mlangoni tu. Mlangoni tu. Mwezi mzima na zaidi nimewalaza njaa wa dirishani na kuwashibisha wa mlangoni, halafu bingwa mmoja akaja na hadubini yake akakuta hawa wamekonda na hawa wamenenepa, akatangaza swichi. Swichi ni kijiko changu!

Nina hasira mpaka meno yanauma. Naye alitoa amri kwa mdomo akaisahau kabla hajafika kwenye kiti. Hakuandika. Hakuniuliza, hata siku moja, hawa wamekula nini. Mtu anachungulia ndani ya yai, ndani ya chumba cha yai, ndani ya jeni, lakini nyuma ya mlango wake mwenyewe hajawahi kuchungulia.

Na nina hasira na huyu anayeandika. Angesimamisha kwa wote, wote wangenyauka, na mtu yeyote angejua ni njaa. Asingesimamisha kwa yeyote, pasingekuwa na habari. Nilipofanya nusu ndipo nilipoupika uongo huu, kwa ujanja wangu, huku najisifu ndani ya daftari. Na atakayefukuzwa kwa sababu yake ni msichana anayesuuza chupa.

Jumanne, 15 Aprili

Daktari amesafiri siku tatu kwenda kuhutubia watu juu ya swichi. Nimegeuza. Hamira: dirishani tu. Wa mlangoni, poleni wanangu.

Jumatano, 16 Aprili

Dirishani tu.

Alhamisi, 17 Aprili

Dirishani tu.

Ijumaa, 18 Aprili

Miwani kawapasua asubuhi, kawatia dawa, tukasubiri tukihesabu matone ya paa. Wa dirishani, wasio na "swichi": buluu mpaka inachukiza. Wa mlangoni, wazima wa afya: weupe, mayai yamenyauka hatua ya nane.

Miwani kacheka, kisha kaacha. "Dada, nikilisema hili watasema nimetunga. Nani shahidi?"

Daftari lilikuwa mfukoni mwa aproni, zito kama tofali.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwambia Daktari. Nilifunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie jengo hili ile rafu ya nyuma ikaonekana. Aliitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Nikamsomea ukurasa wa tarehe 10 Machi. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia afoke. Angefoka ningempenda kidogo.

"Nani mwingine anajua?"

"Miwani anajua habari ya njaa. Daftari hajaliona."

"Basi chana ukurasa huo."

"Unasemaje?"

"Dada, nisikilize. Makala imekubaliwa. Nitarudia jaribio mwakani, polepole, nitasahihisha mwenyewe. Lakini sasa hivi..."

"Na huyu msichana?"

"Atapata maabara nyingine."

"Na barua yako ya kwamba hajui dirisha na mlango?"

Akapunguza sauti, ile sauti ya utotoni ya kuomba nimalizie kazi zake za nyumbani. "Dada yangu, wewe ndiye uliyekaidi amri. Wakijua, wa kwanza kuondoka ni wewe. Mimi nakulinda."

Ananilinda! Nilikuwa na sufuria ya uji wa moto mkononi, na naomba iandikwe kwamba niliiweka chini taratibu.

Hamira: rafu zote mbili.

Jumapili, 27 Aprili

Daktari keshamfikishia Mama. Mama kanisubiri sebuleni na kanga begani, kama hakimu.

"Unataka kumharibia mwenzako?"

"Mama, kuna mtoto wa mtu atafukuzwa bure."

"Mtoto wa mtu ana mama yake. Wewe ulimlea huyu mpaka hapa alipo, leo unataka kumwangusha kwa sababu ya nzi?"

"Si kwa sababu ya nzi."

"Kwa sababu ya nini basi?"

Nilitaka kusema: kwa sababu ya wale walezi kumi na tano. Lakini Mama angedhani nimerukwa na akili, na mchuzi ulikuwa unaungua.

Jumatatu, 28 Aprili

Rafu zote mbili. Daktari hapiti tena jikoni. Anazunguka nje, kwenye mvua.

Jumanne, 6 Mei

Rafu zote mbili. Ukungu mwingi dirishani. Nimeufuta chupa moja moja kwa kitambaa na spiriti. Imechukua saa nzima. Saa moja tu ya kufuta! Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa inahitajika tangu Machi.

Ijumaa, 9 Mei

Kikao. Meza ndefu, watu saba, Mkuu wa Idara kichwani na kikombe chake cha maua. Mimi niliingia na birika la chai, kama kila kikao, na kama kila kikao hakuna aliyeniona.

Miwani kasimama kaeleza habari ya njaa. Hakuruka hatua.

Mkuu kamgeukia Daktari. "Nzi wako walinyimwa hamira?"

Daktari akatazama karatasi zake. "Kumbukumbu za maabara hazioneshi hivyo."

Hakusema uongo, na hapo ndipo damu iliponipanda. Ni kweli hazioneshi. Alihakikisha.

Nikaweka birika mezani. "Zipo kumbukumbu," nikasema.

Saba wote wakageuka. Daktari akatikisa kichwa kidogo sana, kitu ambacho mimi peke yangu ningekitambua, maana alikuwa akikitikisa hivyo nilipokaribia kumshitaki kwa baba.

Nikafungua daftari, nikasoma. Tarehe kumi Machi, yote: manyoya ya panya, kitoweo, nimetii nusu. Kisha siku baada ya siku, mlangoni tu, mlangoni tu, mpaka Mkuu akainua mkono. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimeshasoma na ile ya Bwana Stoo na figo, maana nilianzia mbali kidogo, na yeye alikuwa kakaa pale pale.

"Kwa hiyo kosa ni lako," akasema Mkuu.

"La kijiko ni langu. La kutouliza si langu."

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Kusema nini, mheshimiwa? Hakuna aliyewahi kuuliza mama wa chupa analisha nini." Halafu likanitoka, sikulipanga. "Na huyu si bosi wangu tu. Ni mdogo wangu. Nimemlisha maisha yake yote, na hilo pia haliko kwenye kumbukumbu."

Matone yakasikika kwenye ndoo zangu, vyumba viwili kutoka pale.

Daktari akatoa kalamu mfukoni, akaiweka juu ya meza. "Ni kweli," akasema. "Amri niliitoa mimi. Na ukurasa huo nilimwambia auchane."

Hilo la pili hakuna aliyemuuliza.

Jumatatu, 12 Mei

Miwani anabaki. Makala inarudishwa. Daktari kaandika barua ya kuirudisha kwa mkono wake, nasikia kairarua mara nne kabla ya kuituma. Mimi nimepewa barua ya onyo, yenye makosa mawili ya tahajia. Hawajanifukuza kwa sababu walimjaribu Bwana Stoo kwenye uji na uji ukaungua.

Daftari wamelinakili kurasa zote. Sasa idara nzima inajua nasema nini juu ya viatu vyangu. Bwana Stoo hanisalimii. Agari mpya lakini kaileta bila kuombwa.

Mama haitiki shikamoo yangu.

Hamira: rafu zote mbili.

Jumatano, 21 Mei

Rafu zote mbili. Mvua imepungua.

Jumatatu, 26 Mei

Leo jua. Nimezipindua ndoo zikauke.

Daktari kaja jikoni. Alisimama pale pale aliposimama Machi, bila kalamu mdomoni. Wanafunzi wawili walikuwa ndani wanachukua chupa.

"Dada," akaniita, na wanafunzi wakageuka, mmoja akatazamana na mwenzake. "Leo wamekula?"

"Bado."

Alinyoosha mkono. Nikampa bakuli na kijiko. Sikumpa neno lolote zaidi, maana sijamsamehe, na sioni sababu ya kuharakisha. Akaanza na dirishani. Kisha akausukuma mlango, akainama kwenye ile rafu ya nyuma, akaweka hamira chupa moja moja, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama alivyokuwa akiandika herufi zake za kwanza. Alipomaliza akatoa karatasi, akaandika tarehe na saa, akaibandika ukutani.

Nikaenda kuzikagua. Kaweka kidogo mno, kama mtu anayetia chumvi nyumba ya watu.

Hamira: rafu zote mbili. Ameweka Daktari. Nimeongeza kote, chupa kwa chupa, na safari hii nimemwambia.